Dondoo muhimu: Chuo kiko Kampala, wewe uko Buyenzi, Bujumbura

Machi 2020 Uganda na Kenya zilifunga vyuo kwa sababu ya korona. Burundi haikufunga shule zake, kwa hiyo Mrundi aliyerudi Bujumbura kutoka chuo cha nchi hizo aliwaona wadogo zake wakivaa sare kila asubuhi, yeye amebaki na simu tu. Ukijikuta hivyo tena, ukifuata masomo kwa simu, zingatia haya.

Saa. Kampala na Nairobi zimetangulia Bujumbura kwa saa moja. Kipindi cha saa 3 asubuhi kwao, kwako ni saa 2. Andika zote mbili ukutani.

Mega. Video humaliza mega upesi. Zima kamera, omba mhadhara wa sauti, na kila somo lipakue. Siku ya uchaguzi wa Burundi, 20 Mei 2020, WhatsApp na mitandao mingine ilizuiwa nchini. Mwenye nakala kwenye simu angeweza kuendelea kusoma.

Umeme. Ukiwepo, chaji.

Nyumbani. Hapa ndipo pagumu. Kwa mama, kijana aliyeinamia simu anacheza tu, na anaweza kutumwa wakati wowote. Usimnunie, hajawahi kuona darasa la namna hii. Mwambie mapema: "Mama, saa 2 hadi saa 4 niko darasani, nikitoka nitakwenda soko la Ruvumera." Kaa mezani, si kitandani, daftari likiwa wazi na kalamu mkononi, daftari analielewa. Saa 4 ikifika, chukua kikapu uende kweli, kabla hajakukumbusha.