Nembo Kwenye Chupa: Namna ya Kusoma Vyeti vya Ubora wa Virutubisho vya Nyongeza

Mgonjwa anapoweka chupa ya virutubisho vya nyongeza mbele ya mhudumu wa afya, mara nyingi huonyesha nembo iliyo kwenye lebo: "Imepimwa maabara", "Ubora umethibitishwa", "Kiwanda kimesajiliwa". Kwake nembo hiyo ni jibu. Somo hili linamtaka msomaji aione kuwa ni mwanzo wa maswali matatu: nani alipima, alipima nini, na kipimo chake kingeweza kugundua nini? Mifano mingi imetolewa Marekani, ambako kumbukumbu za suala hili ziko wazi na ambako bidhaa nyingi za aina hii hutoka.

Usajili si idhini

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1994 iliweka virutubisho vya nyongeza katika kundi la vyakula. Mzalishaji halazimiki kuthibitisha mbele ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, yaani FDA, kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza. Kanuni za mwaka 2007 zinamtaka ahakikishe utambulisho, usafi na kiasi cha viambato, lakini wajibu huo ni wake mwenyewe. Wakaguzi hufika baadaye, tena si kwa kila toleo la bidhaa.

Kwa hiyo maneno "kiwanda kimesajiliwa na FDA" yanaweza kuwa ya kweli na bado yakapotosha. Viwanda vya chakula hutakiwa na sheria kujisajili. Usajili huo ni jina kuandikwa katika daftari tu. Hausemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya kidonge.

Kipimo hugundua kile kinachotafutwa

Mwaka 2008 nchini China, karibu watoto 300,000 waliugua baada ya kunywa maziwa ya unga yaliyotiwa melamini. Kipimo kilichozoeleka cha protini hupima naitrojeni, si protini yenyewe. Melamini ina naitrojeni nyingi, hivyo maziwa yaliyoongezwa maji yalionekana kuwa na protini ya kutosha. Unga wa protini wa wanamichezo unaweza kukipumbaza kipimo hichohicho kwa kuongezewa asidi amino za bei nafuu, kama vile glisini.

Kipimo kisichofaa kinaweza pia kutoa hukumu isiyo na msingi. Mwaka 2015, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alitangaza kuwa bidhaa za mimea zilizouzwa katika maduka makubwa manne zilipimwa vinasaba, na ni asilimia 21 tu ya vipimo vilivyoonyesha mmea uliotajwa kwenye lebo. Wataalamu walikosoa njia hiyo: mmea ukichemshwa, ukachujwa na kufanywa dondoo, vinasaba vyake huweza kuharibika huku kemikali zake zikibaki. Kukosekana kwa vinasaba hakukutosha kuthibitisha kukosekana kwa mmea.

Daraja za vyeti

Ya chini kabisa ni nembo aliyoichora muuzaji mwenyewe. Haina taasisi nyuma yake.

Ya pili ni cheti cha uchambuzi. Cheti hiki hueleza sampuli moja ya toleo moja. Ikiwa sampuli iliteuliwa na mzalishaji, au namba ya toleo kwenye cheti hailingani na ile ya kwenye chupa, hakimsaidii mnunuzi.

Ya tatu ni ithibati ya mfumo, kama vile ISO 9001 au cheti cha utengenezaji bora. Huzungumzia utaratibu wa kazi kiwandani, wala si kidonge alichoshika mgonjwa.

Ya nne ni uthibitisho wa taasisi huru, kama USP na NSF, ambazo hukagua kiwanda, hupima viambato na kiasi chake, na hutafuta vichafuzi kama madini ya risasi. Huu ndio wenye uzito zaidi. Hata hivyo, hausemi kwamba bidhaa inatibu ugonjwa, wala kwamba inamfaa mgonjwa mwenye figo dhaifu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Madhara yanayofika kliniki

Mwaka 2023, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 25 za melatonini za kutafuna. Katika 22, kiasi halisi hakikulingana na lebo. Moja haikuwa na melatonini kabisa.

Hatari kubwa zaidi ni dawa iliyofichwa. Uchambuzi wa maonyo ya FDA ya miaka 2007 hadi 2016 ulihesabu bidhaa 776 za namna hiyo, nyingi zikiwa za nguvu za kiume, kupunguza uzito na kujenga misuli. Sildenafili iliyofichwa inaweza kushusha mno shinikizo la damu la mgonjwa wa moyo anayetumia nitrati.

Mwaka 2022, FDA ilionya juu ya bidhaa za Artri King, zilizouzwa kama virutubisho vya maumivu ya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo lebo haikuzitaja. Nafuu aliyoipata mgonjwa ilikuwa ya kweli; maelezo ya chanzo chake ndiyo yaliyokuwa ya uongo. Deksamethasoni ikitumiwa kwa muda mrefu hulaza tezi zilizo juu ya figo. Mtumiaji akiiacha ghafla anaweza kutapika, kuishiwa nguvu, na kushuka shinikizo la damu hadi kuhatarisha maisha. Kumwambia tu "itupe" kunaweza kumdhuru.

Wajibu wa mhudumu na wa mgonjwa

Mhudumu aulize kuhusu virutubisho kwa upole, bila kukemea, kwani mgonjwa aliyeaibishwa huficha. Amwombe aje na chupa yenyewe. Anakili jina, namba ya toleo na mahali iliponunuliwa. Nembo ya taasisi ihakikiwe katika orodha ya taasisi hiyo, si kwenye lebo. Madhara yanayoshukiwa yaripotiwe kwa mamlaka husika ya nchi.

Nawe mgonjwa, ukiona bidhaa "ya asili" inayoondoa maumivu makali kwa siku chache, isimulie kliniki kabla ya kuendelea nayo, na kabla ya kuiacha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini usajili wa kiwanda hauthibitishi ubora wa bidhaa?
2. Melamini ilikipumbazaje kipimo cha protini?
3. Mgonjwa aliyetumia kirutubisho cha viungo kwa miezi sita amekiacha jana, na leo anatapika na kuishiwa nguvu. Utashuku nini, na utachukua hatua gani ya haraka?