Cheti Halali, Mwenye Cheti Je?

Katika Hospitali ya Wilaya ya Rungwe iliyoko Makandana, mjini Tukuyu, wagonjwa wengi humwita "daktari" kila avaaye koti jeupe. Heshima hiyo haina ubaya, lakini sheria hutofautisha. Daktari husomea shahada kwa miaka mitano, kisha hufanya mwaka mmoja wa utarajali. Tabibu husomea stashahada kwa miaka mitatu. Kila mmoja ana mipaka ya kazi yake, na mipaka hiyo si ya bure: kipimo cha dawa ya mtoto hukadiriwa kwa uzito wake, na nukta ya desimali ikikosewa nafasi moja, dawa huweza kuzidi mara kumi.

Basi mgonjwa ajuaje kwamba anayemtibu amefuzu? Cheti kilichotundikwa ukutani ni madai tu. Mwanafunzi wa fizikia hapimi usahihi wa mizani kwa mizani ileile; vivyo hivyo, cheti hakithibitishwi kwa kukitazama chenyewe, wala kwa kupiga simu kwa namba iliyoandikwa juu yake. Ushahidi hutafutwa mahali ambapo mwenye cheti hana mkono wake: katika kumbukumbu za chuo na za Baraza la Mitihani, na katika daftari la baraza la taaluma. Kwa madaktari wa Tanzania Bara, daftari hilo ni la Baraza la Madaktari Tanganyika. (Jina la Tanganyika limesalia hapo kwa kuwa Zanzibar ina baraza lake.) Wauguzi na wakunga wana baraza lao, chini ya sheria ya mwaka 2010, waganga wa tiba asili wana lao, chini ya sheria ya mwaka 2002.

Ugumu wa kazi hii ulidhihirika tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipopokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Vyeti vilivyochunguzwa vilikuwa vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na sekta ya afya nayo ilipoteza watu. Lakini idadi yenye mafunzo zaidi ni nyingine: vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Hapo karatasi ilikuwa na kumbukumbu halali. Aliyekuwa na mashaka ni mshika karatasi. Ndiyo maana mhakiki hulinganisha pia jina, picha na tarehe ya kuzaliwa, kisha huuliza kama leseni bado ina nguvu, maana aliyesajiliwa zamani aweza kuwa amefutwa.

Zoezi: Mtu amefika katika zahanati ya kijiji wilayani Rungwe na nakala ya stashahada ya utabibu. Chuo kimejibu kwamba namba ya cheti imo katika kumbukumbu zake. Ni jambo gani limethibitika, na ni yapi bado?