Riwaya za Vita na Wasomaji Wadogo: Maswali na Majibu

Mlezi wa klabu ya vitabu anayetaka kusoma riwaya ya vita na watoto wa miaka 10 hadi 12 huwa na maswali mengi kabla hata ya kufungua kitabu. Mfano hapa ni Number the Stars ya Lois Lowry, iliyotoka mwaka 1989 na kutunukiwa Medali ya Newbery mwaka uliofuata.

Kwa nini kitabu hicho?

Kwa sababu vita vinaonekana kwa macho ya mtoto. Annemarie, mwenye miaka 10, anaishi Copenhagen mwaka 1943, Denmark ikiwa imekaliwa na Wajerumani tangu Aprili 1940. Rafiki yake Ellen ni Myahudi. Askari wanapovamia nyumba usiku, Annemarie anaunyakua mkufu wa nyota ya Daudi shingoni mwa Ellen na kuufumbata. Wanapoondoka, nyota imejichora kiganjani mwake. Msomaji ameiona hatari bila kuonyeshwa maiti.

Waelezwe ukweli wote?

Waelezwe ukweli kwa kadiri wanavyouliza. Wayahudi wapatao 7,200 walivushwa kwa mashua kutoka Denmark hadi Sweden, lakini karibu 470 walikamatwa na kupelekwa Theresienstadt. Mtoto akiuliza kwingineko ilikuwaje, ajibiwe waziwazi: Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa Ulaya.

Watatofautishaje historia na ubunifu?

Hapo ndipo usomaji hunoga. Kila mtoto aorodheshe matukio na kubashiri: hili lilitokea, lile limebuniwa. Annemarie amebuniwa. Leso iliyotiwa damu iliyokauka na kokeini ili mbwa wa askari washindwe kunusa watu waliofichwa mashuani ilitumika kweli. Lowry anayafafanua hayo mwishoni mwa kitabu. Sehemu hiyo isomwe baada ya watoto kubashiri.

Mazungumzo yaanzie wapi?

Yaanzie kwenye uamuzi wa wahusika. Annemarie anakimbia na kikapu kwenda kwenye mashua ya mjomba wake, asijue kilichomo katika kifurushi kilichofichwa chini ya chakula. Je, watu wazima walifanya vyema kumficha siri hiyo? Watoto wakivutana, mlezi asikimbilie kuamua. Awaambie warudi kitabuni, kila mmoja aonyeshe ukurasa unaomuunga mkono.

Asiyetaka kuzungumza siku hiyo aachwe asikilize au achore, hasa kama familia yake imewahi kukimbia vita.