Ramani ya jeni za mpunga na mbegu tunayopeleka Kasanga



Katika vikao vya robo hii swali moja limejirudia. Tunasikia wataalamu wamechora ramani ya jeni za mavuno ya mpunga. Mbona mradi hauleti mbegu hizo Kasanga? Mama mmoja wa kamati aliuliza kwa hofu: je, si ndiyo ile mbegu iliyochezewa maabara? Tumeona tuliandikie somo.

Mavuno si kitu kimoja. Ng'oa shina moja la mpunga uliokomaa, uhesabu: machipukizi mangapi yametoa masuke, kila suke lina punje ngapi, na punje zina uzito gani. Kila moja ya hayo huongozwa na jeni nyingi, zilizopangwa katika kromosomu 12 za mpunga kama nyumba mtaani. Mtafiti huchavusha mbegu mbili zinazotofautiana, hupanda mamia ya wajukuu wao, hupima kila shina shambani, kisha hulinganisha vipimo hivyo na alama za vinasaba. Alama inayoonekana kila mara kwenye mashina yenye punje nyingi huonyesha kwamba jeni inayotafutwa iko jirani. Hiyo ndiyo ramani. Kwa njia hii, mwaka 2005 watafiti wa Japani waliotumia mbegu za Habataki na Koshihikari walifika hadi kwenye jeni moja ya kromosomu ya 1, waliyoiita Gn1a. Jeni hiyo ikipunguza kazi yake, suke hubeba punje nyingi zaidi.

Kwa hiyo, mama, kuchora ramani si kuingiza jeni ngeni. Mbegu huzalishwa kwa chavua, jinsi mbegu bora zilivyozalishwa siku zote, ila mtafiti huweza kuchagua mche ungali mchanga.

Mfano unaotugusa ni kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza majani kuwa ya manjano na kudumaza mpunga. Supa yetu hushikwa nao kwa urahisi. Mbegu ya Gigante, yenye asili ya Msumbiji, ina jeni ya kuuzuia iliyopo kwenye kromosomu ya 4, ikatambuliwa wazi mwaka 2006. Lakini jeni hiyo hujificha: mche ulioirithi kwa mzazi mmoja tu huugua kama mingine. Zamani ilibidi kupanda kizazi kingine ndipo mtafiti ajue mche upi umeibeba. Sasa kipande cha jani kinatosha. Hapo ramani huokoa miaka.

Sasa tukiri kosa letu. Msimu mmoja tulipeleka mbegu iliyosifiwa sana kwa kikundi cha wakulima kwenye bonde la juu, huku uwandani Ufipa. Ilichipua vizuri hata wageni wakapiga picha. Baridi ikaingia wakati wa kutoa masuke, na walichovuna kilikuwa mapepe. Jeni za punje nyingi zilikuwamo zote, lakini mbegu ile ilikuwa imepimwa kwenye joto la tambarare. Wenzetu walikuwa wameacha mbegu yao ya nyumbani kwa sababu sisi tuliwaambia waiache. Mkopo wa mbegu tuliufuta. Njaa ya miezi ile hatukuweza kuifuta.

Ifakara, kulikofanyika utafiti mwingi wa mpunga nchini, iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga mjini ni karibu mita 1,800. Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, iko katikati, kama mita 770. Kuna joto kuliko huku juu, lakini Kasanga si Ifakara, na hatutaki kubahatisha tena.

Hivyo mfuko wa mbegu hautakopesha mbegu mpya Kasanga kabla ya majaribio ya misimu miwili. Tutapanda robo ekari, mbegu ya nyumbani kando ya SARO 5, kwa maji yaleyale na tarehe ileile. Tutahesabu masuke, punje na mapepe, na kuandika ni siku ngapi kila mbegu imechukua kukomaa.

Wafadhili wetu hupenda kujua gunia ngapi kwa ekari. Tutawaandikia, pamoja na bei sokoni. Supa hutoa kidogo na huanguka kwa urefu wake, lakini mnunuzi huifuata kwa harufu, na mama anayeuza debe moja moja anajua hesabu hiyo kuliko sisi. Harufu nayo ina jeni yake, kwenye kromosomu ya 8, kwa hiyo watafiti wanaweza kuifuata pamoja na mavuno. Tunaomba ripoti zetu zisomwe hivyo.

Kila kamati ya Kasanga ije kikao kijacho na jina la mwenye shamba aliyekubali, na majina ya watu wawili watakaohesabu. Mmoja wao awe mama anayeuza mchele.