Je, Kupakua Kitabu Bure ni Wizi?

Swali: Mhadhiri katutaka tusome Oral Literature in Africa cha Ruth Finnegan. Kukinunua siwezi, ila nimekiona bure mtandaoni. Je, ni wizi?

Jibu: Hapana, kipakue bila hofu. Kilitoka mwaka 1970, kikaja kuadimika, hasa huku Afrika kulikotoka nyimbo na ngano zilizomo. Hilo liliniuma sana. Mwaka 2012 Open Book Publishers wa Cambridge walikitoa upya kwa michango ya watu mtandaoni. Nakala ya karatasi inauzwa. PDF ni bure. Fungua kurasa za mwanzo, utaona leseni ya Creative Commons. Hiyo ndiyo ruhusa yako, hata ya kumrushia mwenzako kwa WhatsApp, mradi jina la mwandishi libaki. Kitabu kisicho na leseni hiyo, anzia maktaba.