Namna ya Kuitambua Ruta Ngeni na Kuyapima Mawimbi Alipo Mtumiaji

Aliyekabidhiwa mtandao wa ofisi amekabidhiwa amana, kwani barua, hesabu na siri za watu hupita humo. Na kwa uzoefu nilioupata katika majengo ya kale ya Unguja na Mombasa, yenye kuta nene za mawe na chokaa, naona kazi ya kuisaka ruta ngeni na kazi ya kuyapima mawimbi ni kazi moja.

Anza na daftari. Kila ruta halali iandikwe anwani ya redio yake, yenye alama 12 ambazo 6 za mwanzo aghalabu hudhihirisha kiwanda kilichoiunda, pamoja na chaneli yake na chumba ilimo. Kisha, kwa idhini ya wenye jengo, chukua kompyuta yenye programu ya Kismet, ambayo husikiliza bila kujiunga na mtandao wowote, uzunguke nayo vyumba vyote taratibu. Na maadam ruta kwa kawaida hujitangaza takriban mara 10 kwa sekunde, itakayosikika bila kuwamo daftarini ihesabiwe ngeni.

Nyingi katika hizo ni za majirani, nazo haziwahusu. Za kuhofiwa ni mbili: iliyochomekwa kwenye waya wenu bila ruhusa, na iliyojipa jina lenu ili kuwanasa watu. Ya kwanza itafute katika swichi, poti kwa poti, ukikumbuka kwamba anwani yake ya upande wa waya mara nyingi huwa karibu sawa na ile ya redio, ikitofautiana kwa alama ya mwisho tu. Ya pili ifuate kwa miguu: nguvu ikipanda kutoka -80 hadi -50 dBm, umeikaribia. Na kwa kuwa hata anwani hughushiwa, ukiisikia anwani moja katika chaneli mbili kwa wakati mmoja, shuku kwamba mojawapo ni ya hiana.

Ukisha kuipata iliyochomekwa, ifunge poti yake, lakini usimlaumu aliyeileta kabla ya kuketi kwenye kiti chake na kupima. Mlango ukiwa umefungwa, kama unavyofungwa siku zote, tazama kama mawimbi yanafika -67 dBm, kiwango kinachotosha kwa mazungumzo ya sauti, na kama yanaizidi kelele ya hewani kwa desibeli 25. Kisha isome ruta yenyewe uone inavyomsikia yeye, kwani redio ya simu aghalabu ni dhaifu kuliko ya ruta, hata kioo chake kikaonyesha mistari yote ilhali maneno yake hayafiki.

Mara nyingi nimekuta kwamba aliyechomeka ruta yake hakukusudia ubaya. Alikuwa na kazi ya kufanya mahali ambapo mtandao wetu haukumfikia. Basi sogeza ruta halali au mwongezee nyingine, umpimie tena hapo hapo alipoketi, kwa maana ukimnyang'anya yake bila kumpa mawimbi, ataleta nyingine.