Mzee Kaninunia kwa Sababu ya Simu

Fundi viatu mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, ameiandikia safu hii: "Drafti nilijifunzia Iringa, kijiweni Miyomboni. Hapa Mbeya nacheza na mzee mmoja ambaye hafungwi ovyo. Wiki iliyopita kijana alimfunga, watu wakabaki wanabishana kosa lilikuwa wapi. Nikapanga zile kete kwenye programu ya simu, nikawaonyesha kwamba mzee alikuwa na njia ya kupata sare. Nilidhani nasaidia. Akaondoka bila kuaga, na sasa hata shikamoo yangu anaiitikia shingo upande. Nimekosa nini?"

Amekosea namna ya kulileta jibu. Drafti ya kijiweni haiishi mtu anapofungwa. Vizibo vya soda vinarudishwa mahali vilipokuwa, vya huyu vimefunuliwa, vya yule vimefunikwa, na kila mtu anatoa lake: hapa angekula huku, pale asingelisha. Wengi hukipenda kipande hiki kuliko mchezo wenyewe, na ndicho kinachowafundisha vijana. Jibu la simu likitua katikati kabla watu hawajatafuta, mazungumzo yanakatika, na aliyefungwa anafungwa mara ya pili mbele ya watu walewale.

Tena fundi hakusema programu yake inafuata kanuni zipi.

Hilo si dogo. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba programu yao ya Chinook imefikia mwisho wa drafti, baada ya kazi iliyoanza 1989: pande zote mbili zisipokosea, matokeo ni sare. Lakini waliyoimaliza ni drafti ya Kiingereza, ambayo kingi husogea hatua moja moja. Kingi wa Mwanjelwa anavuka ubao mzima. Njia inayookoa kwenye kanuni zile inaweza kumwangamiza mtu kwenye hizi. Kwa hiyo anayeleta uchambuzi wa kompyuta aseme kwanza kanuni ni zipi, zamu ilikuwa ya nani, na programu iliachwa ifikirie kwa muda gani. Na kama wazo ni la simu, asijifanye limetoka kichwani mwake.

Wazo la mzee nalo lina uzito wake. Mwaka 1990, Chinook ikicheza na bingwa Marion Tinsley wa Marekani, ilisogeza kete katika hatua ya kumi. Tinsley akasema palepale kwamba watajuta. Schaeffer alipokuja kuchambua, akakuta mzee yule aliona kweli.

Hata hivyo wazee nao wasiifukuze simu kijiweni. Kwenye tawla, mchezo wa dadu, programu ya TD-Gammon aliyoitengeneza Gerald Tesauro wa IBM miaka ya 1990 iliwafanya mabingwa wabadili namna ya kuanza kwa baadhi ya dadu. Hawakuimeza tu: walizirudia hali zilezile mara nyingi, wakarusha dadu, wakahesabu, ndipo wakakubali. Kijiwe kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa vizibo vyake. Ila mchezo ukiwa bado unaendelea, simu ibaki mfukoni, na hata mtazamaji asiichungulie kisha akakohoa.

Kuhusu mzee, safu hii inamshauri fundi aende mapema, kabla kijiwe hakijajaa, aseme: "Shikamoo mzee. Juzi nilikuwahi mbele za watu, naomba radhi. Tuupange ule mchezo, unionyeshe ulivyokuwa unaona." Kisha amsikilize mpaka amalize. Mzee mwenyewe akiuliza simu inasemaje, hapo aitoe, wahakikishe pamoja kwamba kingi wa programu anaruka kama wa kwao, na waifuate ile njia ya sare kete kwa kete, mzee akishika upande unaojaribu kuivunja.